Kompyuta kuukuu: Linux nyepesi yaweza kuziokoa, lakini si zote

KOMPYUTA nyingi zilizomo maofisini, mashuleni na majumbani zilistaafishwa Oktoba 14, 2025 bila wenyewe kuulizwa. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha matengenezo ya bure ya Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Tangu hapo kila ufa mpya wa usalama unaogunduliwa katika mfumo huo hubaki wazi, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika huduma ya nyongeza, ambayo kwa watumiaji wa nyumbani ilitangazwa kuwa ya mwaka mmoja tu.

Mashine zenyewe hazijaharibika. Kibodi inaandika, skrini inawaka, diski inazunguka. Kinachokosekana ni sifa zinazodaiwa na Windows 11: chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, gigabaiti 4 za RAM, gigabaiti 64 za diski, na prosesa ambayo kwa upande wa Intel huwa ni ya kizazi cha 8 au zaidi. Laptopu iliyotengenezwa mwaka 2016, yenye prosesa ya kizazi cha 6 na gigabaiti 8 za RAM, inaweza kukataliwa kwa vigezo hivyo ingawa nguvu zake zinatosha kuandikia barua, kutunzia hesabu za chama cha akiba na mikopo na kufundishia darasa zima. Kwetu sisi, ambao kompyuta zetu nyingi huingia nchini zikiwa mtumba baada ya kumaliza miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya au kupitia Dubai, jambo hili si dogo. Kompyuta tunayoiita mpya mara nyingi ndiyo hiyo wenzetu walioiona imezeeka.

Njia iliyo wazi ni Linux, hasa zile aina zake zinazoitwa nyepesi. Njia hiyo ni ya kweli, wala haihitaji kununua leseni. Hata hivyo, sifa zinazomwagwa juu yake mara nyingi hupita kiasi. Si kweli kwamba Linux huifufua kila mashine, na anayeichagua bila kupima mashine yake huishia kukata tamaa na kusema kwamba Linux ni mbovu, hali kosa lilikuwa katika uchaguzi. Mambo ya kupima ni matatu: kiasi cha RAM, aina ya prosesa, na kazi yenyewe inayokusudiwa.

Linux, kwa maana halisi, ni kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachozungumza na prosesa, diski na kumbukumbu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alianza kuiandika mwaka 1991 katika kompyuta ya aina ya 386 iliyokuwa na megabaiti 4 tu za RAM. Kerneli peke yake haimfai mtumiaji wa kawaida. Huunganishwa na programu nyingine nyingi, na mkusanyo huo mafundi huuita distro. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni distro. Debian, ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, ni distro pia.

Basi uzito hutoka wapi, ikiwa kerneli ni ileile? Sehemu kubwa hutoka katika eneokazi, yaani ile sura yenye menyu, madirisha na vijipicha ambayo mtumiaji huiona. Eneokazi la GNOME, ambalo Ubuntu ya kawaida hulitumia, ni zuri kwa macho lakini huweza kula karibu gigabaiti nzima ya RAM au zaidi kabla mtumiaji hajafungua chochote. Eneokazi la Xfce hutosheka na kiasi cha nusu yake. LXQt hula kiasi kinachokaribiana na hicho, na IceWM, ambayo si eneokazi kamili bali ni msimamizi wa madirisha tu, huridhika na makombo. Sehemu nyingine ya uzito ni huduma zinazoendeshwa kimyakimya nyuma ya pazia: kutafuta masasisho, kuorodhesha mafaili, kusubiri printa ambayo haipo. Distro nyepesi ni ile iliyopunguza vyote viwili. Haina uchawi mwingine.

Fikra ya kuiweka Linux katika kompyuta dhaifu si ngeni Afrika Mashariki. Rwanda, kuanzia mwaka 2008, iligawa zaidi ya kompyuta ndogo 200,000 za aina ya XO katika shule za msingi. Mashine hizo, zilizobuniwa chini ya mpango wa Nicholas Negroponte wa kompyuta moja kwa kila mtoto, zilikuwa na prosesa ya megahezi 433, RAM ya megabaiti 256 na hifadhi ya gigabaiti 1. Ziliendeshwa kwa Linux iliyotokana na Fedora. Mwezi Oktoba 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan nayo ilileta sokoni Eee PC, laptopu ya skrini ya inchi 7 yenye RAM ya megabaiti 512, na ndani yake mlikuwa na Linux. Mauzo yake yaliwashtua wengi. Microsoft, iliyokuwa ikijiandaa kuizika Windows XP, iliirefushia maisha mwaka 2008 kwa ajili ya mashine ndogo za namna hiyo, na katika muda mfupi laptopu hizo zikaanza kuuzwa zaidi zikiwa na XP. Nyingi za kizazi hicho bado zimo makabatini.

Turudi katika vipimo, na tuanze na RAM, kwani hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Mwenye gigabaiti 4 au zaidi hana haja ya kuhangaika na distro nyembamba. Linux Mint yenye eneokazi la Xfce itamtosha, nayo inafanana vya kutosha na Windows ya zamani kiasi kwamba karani hatahitaji semina. Kumpa mtu huyo distro ya megabaiti 20 ni kumnyima raha bila sababu. Mwenye gigabaiti 2 aangalie Lubuntu, inayotumia LXQt, au Debian aliyoipunguza mwenyewe, au antiX. Mwenye gigabaiti 1 abaki na antiX au Puppy. Aliye chini ya hapo anayo Tiny Core, ambayo faili lake la kusakinishia halifiki megabaiti 30, lakini ajue kuwa amejipatia mashine ya kuandikia na kujifunzia amri, si ya kuperuzi.

Puppy inastahili maelezo zaidi kwa kuwa haifanani na nyingine. Ilianzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia. Badala ya kusakinishwa katika diski kwa njia ya kawaida, hujipakia yote ndani ya RAM kutoka katika flashi, kisha kazi za mtumiaji huhifadhiwa katika faili moja maalumu. Kompyuta ambayo diski yake imekufa kabisa inaweza kufanya kazi kwa Puppy miaka na miaka. Udhaifu wake ni kwamba kwa desturi mtumiaji huingia akiwa na mamlaka yote ya msimamizi wa mfumo, jambo ambalo halifai kwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi, mathalani ya maktaba au ya stationery.

Hata hivyo, mlaji mkubwa wa RAM siku hizi si mfumo endeshi bali ni kivinjari. Mtu anaweza kuhangaika wiki nzima kuipunguza Linux yake mpaka ikala megabaiti 150, kisha akafungua Firefox na kurasa tatu za habari, na gigabaiti nzima ikatoweka. Tovuti za leo zimejazwa picha, video na msimbo wa JavaScript unaotekelezwa ndani ya kompyuta ya msomaji. Viko vivinjari vyepesi sana, kama vile Dillo, ambacho kilipata toleo jipya mwaka 2024 baada ya kimya cha takribani miaka tisa. Lakini Dillo haiendeshi JavaScript hata kidogo, na hivyo tovuti za benki, za kodi na za maombi ya vyuo hazitafunguka ipasavyo. Kwa hiyo anayeahidiwa kwamba kompyuta yake ya gigabaiti 1 itaperuzi kama mpya, na aulize itaperuzi nini.

Yapo mambo mawili yanayosaidia kwa dhati. La kwanza ni zram, sehemu ya kerneli inayobana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuzisukumia kwenye diski ya polepole. Katika Debian huwekwa kwa kifurushi kimoja kidogo, na kwa mashine ya gigabaiti 2 tofauti huonekana mara moja. La pili ni kuitoa diski ya kuzunguka na kuweka ile isiyozunguka, ya SSD. Kwa laptopu ya mwaka 2010 yenye soketi ya SATA, hakuna badiliko jingine la bei hiyo linaloleta nafuu kubwa kiasi hicho, na fundi yeyote anayejua kushika bisibisi analiweza kwa nusu saa.

Kipimo cha pili ni prosesa, na hapa mlango unafungwa taratibu. Prosesa za zamani husoma data kwa biti 32, za baadaye kwa biti 64. Intel Atom N270 ya mwaka 2008, iliyojaa katika laptopu ndogo za enzi zile, ni ya biti 32 tu. Ubuntu iliacha kutoa matoleo kamili ya biti 32 mwaka 2019. Debian, iliyokuwa kimbilio la mwisho la wengi, ilitoa toleo lake la 13 Agosti 2025 bila kisakinishi wala kerneli ya mashine hizo. Toleo la 12, lililotoka Juni 2023, ndilo la mwisho kuzihudumia kikamilifu, na matengenezo yake ya muda mrefu yamepangwa hadi Juni 2028. Kwa upande wa vivinjari, Google iliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Mozilla ilitangaza mwaka 2025 kwamba Firefox haitaendelea na biti 32 katika Linux kuanzia toleo la 145.

Maana yake ni kwamba mashine ya biti 32 haifi kesho, kwani antiX 23 iliyojengwa juu ya Debian 12 ina toleo lake, na Puppy pia. Ila muda wake unahesabika, na si busara kwa shule kununua leo shehena ya mashine za namna hiyo hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Kujua aina ya prosesa ni rahisi: katika Linux yoyote, andika lscpu kwenye dirisha la amri. Mstari wa modi za prosesa ukitaja biti 32 na 64, uko salama. Ukitaja 32 peke yake, umejua.

Upo mtego mmoja uliowatesa mafundi wengi. Laptopu na tableti kadhaa za bei nafuu za kuanzia mwaka 2014, zenye Atom Z3735F, zina prosesa ya biti 64 lakini programu yao ya kuamshia ni ya biti 32. Flashi ya kawaida ya biti 64 haionekani kabisa zikiwashwa, na wengi hudhani zimekufa. Dawa yake ni kutumia distro yenye kiamshi cha UEFI cha biti 32, na Debian ni mojawapo.

Jambo jema la Linux ni kwamba huweza kujaribiwa kabla ya kuigusa diski. Faili la distro hupakuliwa, huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, kisha kompyuta huwashwa kutoka katika flashi hiyo. Hapo mtumiaji akague vitu vinne bila haraka: sauti, Wi-Fi, mwangaza wa skrini, na kama mashine huamka baada ya kulazwa. Wi-Fi ndiyo iliyokuwa kero ya miaka mingi, kwa kuwa kadi nyingi huhitaji programu ndogo za watengenezaji ambazo Debian ilikataa kuziweka katika kisakinishi chake kwa sababu za kimsimamo. Tangu toleo la 12 zimo. Kusakinisha kabisa kufuate tu baada ya majaribio hayo, na baada ya mafaili yote kunakiliwa mahali pengine, kwani kisakinishi kikiambiwa kitumie diski nzima hufuta kila kilichomo.

Kuna hitilafu moja inayowachanganya hata wazoefu. Kompyuta inawaka vizuri, intaneti ipo, lakini kila tovuti inakataa kufunguka ikidai kuwa cheti cha usalama si halali. Mara nyingi kinachohusika ni saa. Betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama imekwisha, na kila umeme ukikatika kompyuta hudhani iko mwaka 2005 au 2009, wakati ambapo vyeti vya leo havijazaliwa. Betri hiyo huuzwa kwa bei ya soda chache.

Wapo wanaouliza kuhusu lugha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice, na katika kufanya hivyo ukatunga na kukusanya istilahi nyingi za kompyuta. Ilikuwa kazi ya heshima. Kwa bahati mbaya tafsiri za maeneokazi hazikuendelezwa kwa kasi ileile, na anayechagua Kiswahili katika distro nyingi hukutana na menyu iliyochanganyika, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, hakuna leseni inayomzuia mwanafunzi wa isimu au wa kompyuta kuijaza nusu iliyobaki.

Kwa shule zenye maabara, ipo njia ya tatu. Mradi wa LTSP, ulioasisiwa na Jim McQuillan mwaka 1999, huziwezesha kompyuta zisizo na diski kuamka kwa njia ya mtandao na kuchukua mfumo wao kutoka katika seva moja. Katika utaratibu wa asili programu ziliendeshwa ndani ya seva na kompyuta ya mwanafunzi ilikuwa dirisha tu. Toleo lililoandikwa upya mwaka 2019, kwa kawaida, huendesha programu ndani ya kompyuta ya mwanafunzi, kwa hiyo RAM yake bado ina maana. Faida iliyo kubwa ni ya mwalimu: akirekebisha jambo katika seva, amerekebisha kompyuta zote. Hasara yake nayo ni dhahiri, kwamba seva ikizimika darasa zima linatazamana.

Zipo pia kompyuta ambazo si kuukuu bali ni dogo kwa makusudi. Raspberry Pi ya Uingereza ilianza kuuzwa Februari 29, 2012 ikiwa na ukubwa wa kadi ya benki, RAM ya megabaiti 256 na bei ya dola 35. Hutumia wati chache tu, hivyo paneli ndogo ya sola na betri vinaimudu. Ikiwekewa programu ya Kiwix, hugeuka maktaba: wanafunzi huunganisha simu zao kwa Wi-Fi na kusoma Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, pasipo intaneti hata kidogo. Adui yake ni kukatika kwa umeme, maana mfumo mzima umo katika kadi ndogo ya kumbukumbu ambayo huharibika ikikatishwa katikati ya kuandika. Raspberry Pi OS ina mpangilio wa kuifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa, na kwa maktaba ya namna hiyo ni vyema ukawashwa tangu siku ya kwanza.

Suala la umeme linatupeleka kwenye mashine zisizostahili kuokolewa. Prosesa ya Pentium 4 ya aina ya Prescott, iliyotoka mwaka 2004, iliweza kutoa joto la wati 84 hadi 115 peke yake, bila kuhesabu skrini. Tuchukue maabara ya kompyuta 20 za mezani, kila moja na skrini yake ya kioo kinene ikitumia jumla ya wati 150 kwa saa sita kwa siku: hizo ni uniti 18 kila siku ya masomo. Laptopu 20 za mtumba zinazotumia wati 20 kila moja zitakula uniti 2.4 kwa muda uleule. Mkuu wa shule anayepokea msaada wa Pentium 4 kwa shukrani anapokea pia ankara, na Linux nyepesi haiwezi kuipunguza kwa maana yoyote.

Vivyo hivyo kwa ofisi inayotegemea programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Ipo Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, lakini kuikabidhi mishahara ya watu ni ujasiri usio na sababu. Afadhali mashine hiyo moja ibaki na Windows yake, ing'olewe kwenye intaneti, na zilizobaki zihamie Linux.

Na ile iliyoshindikana kabisa isitupwe jalalani nzima. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. RAM yake huenda ikaifaa pacha wake, chaja yake pia. Diski yake ifutwe kwanza, kwa kuandikwa upya yote na si kwa kubofya alama ya kufuta mafaili, kwa sababu diski inayouzwa kama chuma chakavu bado inabeba majina ya wagonjwa, matokeo ya mitihani na orodha ya mishahara iliyokuwamo.